Presha Ipimwe Siku ya Amani

Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi mashine ya presha ina makazi yanayojulikana: juu ya kabati la sebuleni, ndani ya boksi lake, jirani na rimoti ya king'amuzi kilichokufa zamani. Haishuki hapo ila kwa tukio. Mwenye nyumba kagombana na mpangaji kwa ajili ya luku, mashine inashushwa. Simu ya msiba imeingia kutoka Korogwe, mashine inashushwa. Mama karudi sokoni kichwa kinamgonga, mtoto anatumwa nyumba ya pili: "Shikamoo, mama anaomba ile mashine." Mkanda unafungwa juu ya mkono wa dera, watu wanne wamesimama wanaongea kwa pamoja, namba zinatokea, na kila mmoja ana fatwa yake. Mmoja anataka maji ya limau, mwingine kitunguu swaumu, wa tatu anakumbuka kuna vidonge vya marehemu babu vilivyobaki kwenye droo.

Sina ugomvi na mashine. Natamani ziwe nyingi zaidi. Ugomvi wangu ni na siku tunayoichagua. Tunapima siku ya ghasia na kuiacha siku ya amani, wakati presha inayoleta kiharusi ni ile inayokaa juu mwezi hadi mwezi, hata siku ambazo mtu anakula, anacheka na kulala vizuri. Namba ya mtu aliyetoka kugombana inatueleza habari za ugomvi. Ya mtu aliyeketi Jumanne asubuhi kabla ya chai, hana wa kuzozana naye, ndiyo itakayompa daktari cha kufanyia kazi.

Mvua isiyo na mawingu

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na kwa malaria walipatia: mtu hutetemeka, hutapika, hukataa chakula. Presha haifuati kanuni hiyo. Wengi walio nayo hawasikii lolote. Kichwa kinachouma mara nyingi kina sababu zake nyingine, usingizi haba, njaa, miwani isiyofaa, na mwenye 170 kwa 100 anaweza kuwa ndiye anayewachekesha wenzake kijiweni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na asilimia 46 kati yao hawajui kama wanayo. Theluthi mbili ya watu hao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu.

Tanzania tumekwisha kujipima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta presha ya juu kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64. Wilayani Hai, kwenye migomba na hewa safi ya Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu saba kati ya kila kumi wanayo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Miaka mitatu kabla yake, jarida la Lancet Neurology lilikuwa limetoa utafiti uliolinganisha kiharusi cha Hai na cha Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti ya umri, Dar ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai 109. Karibu mara tatu. Anayeamini kwamba mjini ndiko kwenye afya kwa sababu ndiko kwenye hospitali aisome tena namba hiyo.

Lakini takwimu hazinyanyui mgonjwa kitandani. Anayemnyanyua ni binti wa tatu, yule aliyekuwa ameanza chuo Morogoro na sasa amerudi nyumbani "kwa muda". Ni mke mwenye genge ambaye alikuwa akiamka saa kumi kwenda kununua nyanya, na sasa saa kumi anamgeuza mume asipate vidonda mgongoni. Kiharusi kinapomkuta baba wa miaka 52, familia inalipia vitanda vya hospitali, halafu teksi za kwenda mazoezi ya viungo kwa kuwa daladala hawezi kupanda, halafu nepi za watu wazima ambazo hakuna mtu aliyeziweka kwenye bajeti. Kiwanja cha Chanika kinauzwa kwa bei ya mwenye shida. Mdogo wa mwisho anahamishwa shule. Ndugu wanachanga mwezi wa kwanza na wa pili, mwezi wa tano simu hazipokelewi, na si kwa ubaya, nao wana watoto.

Mficha maradhi kilio humfichua. Ila huyu baba hakuficha kitu. Hakujua, na hakujua kwa sababu alikuwa mzima kila siku, na siku ya uzima hakuna anayeshusha mashine kabatini.

Kipimo cha kituoni

Najua jibu litakalokuja: mimi hupima duka la dawa, pale kituoni. Ni kweli, na ni heri kuliko kutopima kabisa. Wapo waliogundua presha yao kwa njia hiyo wakaokoka. Tuangalie lakini kinachotokea. Mtu ameshuka kwenye basi lililojaa pale Rangi Tatu, kavuka barabara mbiombio, mkoba begani, jasho linamtoka. Anakaa kwenye kiti cha plastiki kisicho na egemeo, au hakai kabisa. Dada wa duka ana wateja watatu wanaosubiri dawa ya kikohozi. Mkanda unavutwa juu ya shati, mkono unaning'inia, na wakati mashine inakoroma mteja anaeleza habari za foleni. Namba inayotoka hapo ni ya nani?

Kupima presha ni kazi ya zamani yenye masharti yake. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alieleza namna ya kufunga mkanda wa kujazwa upepo kwenye mkono wa juu na kusoma mgandamizo kwa zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov, daktari wa upasuaji, akaongeza kuusikiliza mshipa wakati upepo unatolewa. Mashine yetu ya nyumbani haisikilizi. Inahisi mtikisiko wa mshipa kupitia mkanda wenyewe, kisha inapiga hesabu. Ndiyo maana ukiongea, ukicheka au ukiusogeza mkono kumfukuza nzi, hesabu inavurugika.

Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe ni dakika tano. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usiikunje nne. Uwe umekwenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa peke yake hupandisha namba. Kahawa, sigara na mazoezi viwe vimepita nusu saa nyuma. Vua mkono wa nguo. Mkanda ukae kwenye ngozi, juu kidogo ya kiwiko. Mkono uwekwe mezani, usawa wa moyo. Hili la mwisho watu hulidharau sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha mwaka 2024 kwamba mkono ukilazwa mapajani namba ya juu huongezeka kwa karibu 4, na ukiachwa uning'inie pembeni huongezeka kwa zaidi ya 6. Mtu mwenye 136 anaondoka akiamini ana 142, ameogopeshwa na mkono wake mwenyewe.

Mkanda nao una saizi, kama viatu. Mwaka 2023 chuo hicho hicho kilitoa matokeo mengine: mtu mwenye mkono mnene anayehitaji mkanda mkubwa kabisa, akifungwa ule wa kawaida, namba yake ya juu hupanda uongo kwa karibu 20. Fikiria mama wangapi wa mtaani kwako wameanzishiwa hofu, pengine hata vidonge, kwa sababu duka lilikuwa na mkanda mmoja tu. Mwembamba naye akifungwa mkanda mkubwa husomeka chini ya ukweli, akarudi nyumbani anajipongeza.

Mali bila daftari

Mali bila daftari huisha bila habari, husema wafanyabiashara wa Pwani, na kwa presha daftari lina thamani kuliko mashine. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa: ngazi, simu, baridi, ndoto, mabao mawili ya Yanga au ya Simba. Namba moja haikupi picha, iwe nzuri au mbaya. Ndiyo sababu madaktari wa moyo wanaomba wiki: siku saba, mara mbili mfululizo asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, mara mbili jioni, na dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Siku ya kwanza inaachwa, kwa kuwa mgeni na mashine huwa na wasiwasi nayo. Zinabaki namba 24. Za juu zijumlishwe kivyake, za chini kivyake, zigawanywe kwa 24. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza, na ningeshauri apewe yeye. Mpe kalamu, mwite karani wa bibi, na uone kama kuna siku itarukwa.

Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, ni wa kupeleka kwa daktari. Hospitalini mpaka ni 140 kwa 90. Tofauti hiyo ndogo si makosa ya uchapaji: nyumbani mtu ametulia, hivyo kipimo cha huko kinadaiwa kiwe chini. Wamarekani tangu 2017 wamekuwa wakali zaidi na kuweka mstari kwenye 130 kwa 80, na majadiliano ya wataalamu yanaendelea. Kwa nyumba ya kawaida Buguruni au Mwanjelwa, ningesema anza na kujua wastani wako. Mabishano ya namba tano juu au chini tuwaachie wenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo hospitali haiwezi kukupa hata ikiwa na vifaa vya dhahabu. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Italia walionyesha jinsi presha ya mgonjwa inavyoruka daktari anapokikaribia kitanda chake. Wapo watu ambao presha yao ni ya koti jeupe tu. Nyumbani wako sawa, kliniki wanasomeka wagonjwa. Na wapo wa kinyume chao, wanaonihofisha zaidi: kliniki wamekaa kwenye benchi saa tatu, wametulia hata wamesinzia, wanasomeka vizuri, kumbe nyumbani au kazini presha iko juu kila siku. Huyu wa pili atakamatwa na nini kama si daftari?

Madaftari hayo nimeyaona yakipokelewa kwa heshima, daktari akapitisha kidole safu kwa safu. Nimeyaona pia yakisukumwa pembeni bila kufunguliwa, mgonjwa akafungwa mkanda upya huku akiulizwa maswali, na dozi ikabadilishwa kwa namba moja. Ninaelewa foleni. Lakini sekunde 30 za kusoma wastani ulioandikwa chini ya ukurasa ni fupi kuliko kuvua koti na kufunga mkanda. Mgonjwa aliyefanya kazi ya wiki nzima na kudharauliwa hairudii.

"Imeshuka, nimepona"

Sasa niseme kuhusu hatari ambayo mashine yenyewe inaiingiza nyumbani, maana si haki kuisifu tu. Mzee ameanza vidonge. Wiki ya nne mashine inaonyesha 124 kwa 78. Furaha. Anawaita majirani, anasema imeshuka, nimepona, na vidonge vinawekwa juu ya kabati. Kwa nini ateketeze fedha kwa ugonjwa ambao haupo? Kwa mtazamo wake ana hoja, na mashine ndiyo shahidi wake.

Ila ile 124 ni kazi ya vidonge. Vikiacha kuingia, presha inarudi, na inarudi kimya kama ilivyokuja. Wengi wanaolazwa kwa kiharusi wana pakiti iliyoanzwa nyumbani. Namba nzuri kwa mtu anayetumia dawa ina tafsiri moja tu, kwamba dawa inafanya kazi. Kama inaweza kupunguzwa, aseme daktari baada ya kuliona daftari.

Upande wa pili wapo wanaoongeza. Jioni imesoma 158, anameza cha pili. Amlodipine, kidonge ambacho wengi wetu tunacho nyumbani, huchukua takriban wiki nzima ya kumezwa kila siku ndipo kiwango chake mwilini kitulie. Kuongeza kimoja usiku kwa sababu ya namba ya jioni ni kuulaumu mchezo dakika ya kumi. Na vile vya kuazima kwa jirani ni balaa jingine: losartan na dawa za kundi la captopril, kwa mfano, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Bibi anamgawia mjukuu mjamzito kwa upendo, naye hajui.

Nikimtaja mjamzito, nimtaje kikamilifu. Kwake hakuna habari ya kusubiri wiki. Akisoma 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, au kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono vikivimba ghafla, aende kituo cha afya siku ile ile. Kifafa cha mimba hakisubiri daftari.

Picha za kila asubuhi

Kuna watoto wetu walioko Muscat, London na Minneapolis. Kitu cha kwanza wanachomtumia mama siku hizi, baada ya simu, ni mashine ya presha. Jambo zuri. Kisha yanaanza masharti: kila asubuhi mama apige picha namba na kuitupia kwenye kundi la familia. Ikisoma 146 simu zinalia mabara matatu. Mama anapimishwa tena, na tena, mara ya sita imefika 160, kwa sababu nani angetulia akiwa na watoto watano masikioni? Nimesikia madaktari wakilalamika kwamba mashine zinatengeneza wagonjwa wa hofu, na kwa nyumba za namna hii wana haki.

Dawa ya hilo ni ratiba, si kuitupa mashine. Mtu ambaye presha yake imetulia hahitaji kupima kila siku. Wiki moja kabla ya kliniki inatosha kwa wengi, na siku nyingine mashine ilale. Watoto watumiwe wastani wa wiki. Namba ikiwa mbaya kweli, 180 kwa 120 au zaidi, mtu akae chini, atulie dakika tano, apime tena. Ikibaki pale pale bila dalili yoyote, amwone daktari siku hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kukwama, hapo hakuna kupima tena, hakuna limau, hakuna kumpigia simu shemeji kuuliza maoni. Ni gari na hospitali. Dakika zinazopotea kwenye kipimo cha tatu ni dakika za ubongo.

Nani anunue, anunue nini

Kwa nyumba nyingi fedha ya mashine ni fedha ya gunia la mkaa. Silaumu anayechagua mkaa. Lakini nani alisema kila chumba kiwe na yake? Nyumba ya kupanga yenye familia sita inaweza kununua moja, kila familia ikachukua wiki yake. Vikoba vinanunua masufuria ya shughuli na viti vya kukodisha; mashine moja yenye mikanda miwili itapita kwa wanachama wote ndani ya mwaka. Msikiti na kanisa vina kamati za kila kitu.

Anayekwenda kununua achukue kwanza futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, apime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida mara nyingi ni wa sentimita 22 hadi 32, na juu ya hapo unatakiwa mkubwa. Namba huandikwa kwenye mkanda wenyewe. Achague mashine ya mkono wa juu. Za kifundo cha mkono zinapendeza na zinaingia mfukoni, ila hukosea kirahisi, na programu za simu zinazodai kupima presha kwa kidole juu ya kamera zisipewe nafasi kabisa. Asisahau kuulizia jaribio: kuna mashine zilizolinganishwa na vipimo vya wataalamu na zipo zisizowahi kulinganishwa na chochote. Orodha ya zilizofaulu ipo kwenye tovuti ya STRIDE BP, bure, lakini kwa Kiingereza na kwa lugha ya wataalamu.

Hapo ndipo ningependa kuiona Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye picha na majina ya mashine zilizofaulu ambazo zinapatikana Kariakoo, Mwanza na Arusha, ubandikwe kwenye kila duka la dawa muhimu, pale pale panapobandikwa leseni. Duka linalouza mashine lilazimike kuwa na mkanda mkubwa. Na kwa upande wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wahusika wa kitita chake wakae na hesabu ya kiharusi kimoja, vitanda, mazoezi na miaka ya kazi iliyopotea, waiweke kando ya bei ya mashine moja kwa mtaa, iliyo kwenye begi la mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yenye mikanda miwili, betri za akiba na daftari la kurasa 96.